Ushahidi wa Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Karatu ikiuma mpaka kwenye meno, mama mkwe wangu aliposimama katika mahakama ya mwanzo na kusema kweli iliyomchoma mwanawe wa kumzaa. Mwanawe huyo alikuwa mume wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeomba talaka. Miaka mingi imepita. Nimezika, nimeozesha, nimeitwa bibi. Lakini nikikaa peke yangu nikamshukuru Mungu kwa watu alioniwekea njiani, mama yule hunijia wa kwanza, kabla hata ya wazazi wangu.

Umeniuliza jambo, nami sitalijibu kwa haraka. Umesema ndoa yako imefika mwisho. Padre amejaribu, wazee wamejaribu, na sasa kilichobaki ni kugawana. Kisha ukainamisha kichwa ukaniuliza kwa sauti ndogo: nifanyeje nipate kilicho changu, na madeni yabaki kwa mwenzangu? Sikukushangaa, mwanangu. Swali hilo niliwahi kulibeba kifuani mwangu. Sogeza kiti karibu na moto, chai bado ya moto, nikueleze nililolipata mimi.

Mimi ni mtoto wa Mbulumbulu. Baba alilima ngano, mahindi na maharage, na sisi watoto tulijua kushika jembe kabla ya kushika kalamu. Nikiwa msichana nilipata kazi ya kuuza katika duka moja Karatu mjini, na huko ndiko nilikokutana na Aloyce. Alikuwa kijana wa Rombo, amekuja kutafuta maisha kama Wachagga wengi walivyokuja, wengine wakafungua maduka, wengine wakaingia kwenye utalii. Yeye alikuwa dereva wa watalii. Alikuwa msafi, mcheshi, anajua majina ya ndege kwa Kiingereza, na akicheka duka zima linacheka. Nilimpenda. Nalisema hili wazi, maana siku hizi ndoa ikivunjika nasikia watu wakisema hawakuwahi kupendana. Usiseme hivyo, mwanangu. Chakula kikichacha leo, haina maana jana hakikuwa kitamu.

Tukafunga ndoa kanisani. Tukajenga nyumba mjini, kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Baadaye tukanunua shamba kule kwetu Mbulumbulu, kutoka kwa jirani aliyekuwa anahama. Aloyce ndiye aliyelipa, kwa mshahara wake na bahashishi za wageni, na jina lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa lake. Wakati ule sikuona neno. Nani anaolewa akifikiria karatasi?

Alipozaliwa binti yetu Neema, mama yake Aloyce alikuja kutoka Rombo kunitunza uzazi, kama desturi yao ilivyo. Aliitwa Felista. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Alinipikia mtori, ile supu yao ya ndizi na nyama, mpaka mashavu yakanivimba. Alikuja akae miezi mitatu, lakini miezi mitatu ilipoisha hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke, wala yeye hakukumbuka kuaga. Kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo huko nyumbani, kilitunzwa na shemeji zake. Akakaa nasi. Nikaenda shambani naye akaja nyuma yangu na mtoto mgongoni. Nikajifungua Joseph, naye akambeba Joseph.

Sasa niingie kwenye deni, kwa sababu bila deni hadithi hii haina miguu.

Aloyce alichoka kuendesha magari ya watu. Akataka lake. Akapata Landrova iliyotumika, na pesa akazikopa katika chama cha akiba na mikopo, dhamana ikiwa ni nyumba yetu ya mjini. Chama kilitaka mke naye akubali. Nikaenda, nikaulizwa kama nimeelewa, nikasema nimeelewa, nikatia saini. Hakuna aliyenishika mkono. Tena nilivaa kitenge kipya siku hiyo, kama mtu anayekwenda kwenye sherehe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini siku ya harusi nani anayefikiria matanga?

Mwanzoni gari lilitulisha. Nitakuwa mkosefu wa shukrani nikikuambia vinginevyo. Kwa gari lile tuliweka dari, tukanunua ng'ombe wawili wa maziwa, tukamlipia Neema shule ya bweni. Kisha injini ikafa gari likiwa linapanda kutoka kreta, lile bonde la wanyama, limejaa wageni. Matengenezo yakameza kila kitu, na lilipotoka gereji halikuwa tena gari lile. Na wakati huohuo, mwanangu, Aloyce alikuwa amepata nyumba nyingine Mto wa Mbu. Kulikuwa na mwanamke, kukawa na mtoto. Nilijua kama wanawake wengi wanavyojua, yaani wa mwisho kabisa. Yeye naye akaanza kunywa. Alikopa kwa marafiki kulipa pango la nyumba ile ya pili, akakopa na kwa wenye baa.

Sitakuchosha na machungu ya miaka ile. Padre alituita. Tukaenda baraza la usuluhishi la kata, wakatusikiliza kwa uvumilivu, wakashindwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndipo tukaelekea mahakamani.

Nilikuwa na kaka, Gwandu, mtu wa kunipenda mpaka anakosea. Akaja kwangu siku chache kabla ya kesi, akakaa, akaibana fimbo yake katikati ya magoti.

"Dada," akasema, "wewe taka nyumba, taka shamba. Ukiulizwa habari za deni, sema hulijui."

"Nilitia saini, Gwandu."

"Sema alikulazimisha. Mlevi yule, nani atakubishia? Mimi nitakuwa shahidi wako. Nitasema ulikuja kwetu unalia siku ile."

Mwanangu, sikukubali kwa mdomo, lakini sikukataa pia. Nilikuwa na hasira iliyonikaa kooni kama mfupa. Nilijiambia, amekula ujana wangu, basi na ale na deni lake. Kesi ilipofika nilikuwa nimeshayapanga maneno kichwani kama mtu anayejifunza shairi.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole lakini mwenye macho makali, na pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza. Mashahidi waliambiwa wasubiri nje. Aloyce alisimama wa kwanza kueleza habari za mali. Akasema nyumba ni yake, shamba ni lake, gari ni lake, na kila kitu kina jina lake. Kisha akasema neno ambalo hata leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Akasema, "Mheshimiwa, mke wangu hakuwa na kazi. Alikuwa anakaa tu nyumbani na watoto."

Anakaa tu! Nilitazama mikono yangu. Viganja vilikuwa na sugu kama ngozi ya kisigino.

Hakimu akamuuliza kama ana shahidi. Aloyce akasema anaye, ni mama yake mzazi. Nilijua alikuja naye asubuhi ile, lakini nilidhani amemsindikiza tu. Nikajisemea, nimekwisha. Mama gani atamwacha mwanawe? Damu ni nzito kuliko maji, ndivyo tulivyofundishwa.

Akaingia taratibu, kanga yake imefungwa vizuri, akaapa akiwa ameshika Biblia kwa mikono yote miwili. Aloyce akaambiwa amuulize.

"Mama," akasema, "ieleze mahakama, shamba la Mbulumbulu lilinunuliwa na nani?"

"Pesa ulitoa wewe," akajibu.

Aloyce akatabasamu, akataka kukaa. Mama akaendelea kusimama.

"Ila umeniuliza juu ya shamba, mwanangu, nami nimeapa. Mlichonunua hakikuwa shamba. Kilikuwa korongo na vichaka. Huyu mke wako ndiye aliyechimba matuta kuzuia udongo usiende na maji. Alichimba akiwa na mimba ya Joseph. Mimi nilikuwa pale, nimembeba Neema."

Nilisikia ng'ombe wa mtu akilia mbali nje.

"Tembo wakishuka kutoka msituni kuja kwenye mahindi," akasema, "huyu ndiye aliyekuwa anapiga debe. Tembo wale uliokuwa ukiwaonyesha wageni kwa pesa, mkeo alikuwa anawafukuza bure."

Watu wakacheka, hata mzee mmoja wa baraza akafunika mdomo. Hakimu akagonga meza kwa kalamu. Lakini mama hakucheka. Akamtazama Aloyce.

"Nimeambiwa na karani nijibu ninachoulizwa tu, lakini mheshimiwa anisamehe. Mwanangu, tangu asubuhi tulipokuwa njiani unasema mkeo hakuwa na kazi. Mimi nilikuwa mke wa baba yako mpaka nilipomzika. Nilibeba majani ya ng'ombe kichwani, nikabeba ndizi mpaka sokoni, nikakubeba na wewe. Na mimi sikuwa na kazi?"

Aloyce akainamisha kichwa. Mtu mzima, dereva wa watu, kichwa kikaenda chini kama cha mtoto wa shule.

Mama akamgeukia hakimu. "Mtoto wangu nampenda. Ndiyo maana nimesema mbele yake, sikwenda kusema nyuma yake."

Wanasema damu ni nzito kuliko maji, mwanangu, na ni kweli. Lakini asubuhi ile niliona ukweli ukiwa mzito kuliko damu, na aliyeubeba alikuwa mwanamke mwembamba ambaye hakuwa na chochote cha kufaidi. Angeniudhi mimi, angepoteza nini? Akimuudhi mwanawe, alikuwa anahatarisha mahali pake pa kulala. Alilijua hilo. Akasema hivyo hivyo.

Hakimu akasema tupumzike, tukirudi tutasikiliza habari za madeni.

Nikatoka nje nimejaa furaha, nikitaka kumkumbatia. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya ukuta, amejifunika shuka, hana furaha hata kidogo. Akaniita kwa mkono. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama Neema," akasema, "nilipokuwa nasubiri hapa nje nilikaa karibu na kaka yako. Anaongea kwa sauti kubwa kaka yako. Amewaambia wenzake mtakayoyasema juu ya deni la gari."

Nikang'oa jani moja la nyasi pale chini.

"Ni kweli utasema hulijui?"

"Mama, mwanao amenitesa."

"Amekutesa. Nimeona kwa macho yangu. Sikukuuliza hilo." Akanisogelea. "Nimesimama mle ndani nikamvua mwanangu nguo mbele za watu, kwa sababu ni kweli. Sasa wewe ukirudi ukasema uongo, mimi nimemvua nguo bure. Watasema mama wa watu ametumiwa na mwanamke mwongo. Hivyo ndivyo utakavyonilipa?"

Machozi yakaanza kunitoka. Hakunibembeleza. Alikuwa mama wa kupikia watu mtori, si wa kuwabembeleza.

"Deni lile la gari tulilila wote," akasema. "Dari tuliyolala chini yake, maziwa tuliyokunywa, ada ya Neema, vilitoka wapi? Ukipenda boga, penda na ua lake. Huwezi kusema shamba ni letu sote kwa sababu tulilitolea jasho, halafu deni liwe la mwenzako peke yake wakati mlikwenda kulichukua pamoja."

"Na yale mengine?" nikauliza. "Ya baa, na ya kule Mto wa Mbu?"

Hapo akakunja uso. "Hayo usiyaguse hata kwa kidole. Hayakuingia nyumbani kwako. Hayo ni yake, na akitaka kuyachanganya na la gari, kataa. Haki si kubeba kila kitu, mwanangu. Haki ni kubeba mzigo wako."

Halafu akatoa chupa ya chai kwenye kikapu chake, akanimiminia, akanipa na kipande cha kiazi. Akasema, "Kula. Utaanguka mle ndani."

Nimesikia mahubiri mengi maishani. Nimekaa kwenye semina za akina mama, nimesikiliza wanasheria waliokuja na vipaza sauti. Sijasikia somo lililonifaa kuliko lile la kwenye jiwe.

Tukarudi ndani. Hakimu akaniuliza: mkopo wa gari, ulikuwa unaufahamu? Nilimwona Gwandu kupitia mlangoni, ananitazama, ameniinulia nyusi. Unajua, mwanangu, neno "ndiyo" ni dogo, lakini kuna siku linakuwa zito kuliko gunia la ngano.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema. "Niliufahamu. Nilitia saini kwa hiari yangu. Ulitulisha wote, na sehemu yangu nitaibeba."

Hakimu akaandika. Akageuka kwa Aloyce, akamuuliza kama kuna madeni mengine ambayo anaona ni ya familia. Aloyce alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameyaandaa yote, ya marafiki na ya baa, ayaweke kwenye chungu kimoja na la gari tugawane. Alinitazama kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni kwa miezi mingi.

"Mengine yapo," akasema, "ila hayo ni yangu mwenyewe."

Hakuna aliyemlazimisha. Naamini mpaka leo kwamba ningesema uongo, naye angesema uongo, na tungekaa mle ndani tukitupiana matope mpaka jua lizame. Kweli moja huzaa nyingine, kama uongo unavyozaa wenziwe.

Gwandu hakungoja niitwe tena. Aliondoka na fimbo yake, na misimu miwili ya kupanda ilipita bila yeye kunisalimia. Nilimlilia, kwa sababu kaka ni kaka. Alirudi mwenyewe, siku moja wakati wa kuvuna, na mundu mkononi, akaingia kwenye ngano yangu bila kusema kitu. Jioni tukala pamoja. Hatukuzungumza habari ile kamwe.

Hukumu ilipotolewa, mahakama iliona kwamba kazi ya nyumbani na ya shambani ni mchango sawa na mchango mwingine. Shamba likabaki kwangu pamoja na kulea watoto. Nyumba ya mjini ikauzwa, deni la gari likalipwa lote, na kilichosalia tukagawana, yeye akipata zaidi kwa kuwa mimi nina shamba. Gari likabaki lake, na ng'ombe tukachukua mmoja mmoja. Madeni yake akatoka nayo mwenyewe.

Sitaki udhani ilikuwa rahisi. Siku ya kuhama nyumba ile niliyoijenga chumba baada ya chumba, Joseph alishikilia nguzo ya baraza akakataa kuachia. Tulihamia shambani kwenye nyumba ya mabanzi, upepo wa kutoka msituni unapita katikati ya mbao kama uko kwao. Kuna waliosema nimefanya ujinga. Kwamba ningejua kuongea, ningekuwa na nyumba ya mjini na shamba. Labda. Lakini nililala, mwanangu. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyelipa hulala. Chama kilipotuita kutuambia hatudaiwi tena, mimi na Aloyce tulitoka mlango mmoja. Akasimama akasema, "Asante, Mama Neema." Nikasema, "Nenda salama." Basi. Tulikuwa na amani ya kutosha kwa maneno hayo.

Na mama mkwe? Nilimwomba akae nami. Nilimwambia chumba chake nimeshakipanga. Alikuwa anakunja nguo zake. Akatikisa kichwa.

"Wewe una watoto, una shamba, una ndugu zako hapa juu. Aloyce ana nini sasa? Nikimwacha na mimi, ataona kweli niliyosema ilikuwa ya kumfukuza. Sikuisema kwa hilo."

Akaenda naye kwenye chumba cha kupanga, mama wa umri ule, akamlinda mwanawe na pombe kama mtu anayelinda mahindi. Hakuweza yote, lakini aliweza mengi. Aloyce akarudi kuendesha magari ya watu, akawa analipa ada za watoto, akamwoa yule wa Mto wa Mbu kwa utaratibu. Na kila mwaka maharage yakianza kukauka, mama Felista alipanda basi akaja Mbulumbulu na mkungu wa ndizi, akakaa nami wiki kadhaa tukipukuchua. Sijawahi kuona aibu kumwita mama. Hakimu alivunja ndoa yangu na mwanawe. Undugu wangu na yeye hakuna aliyeuombea talaka.

Alipofariki tulimpeleka Rombo, akazikwa kihambani kwake katikati ya migomba. Nilikwenda na watoto wangu, nikakaa mbali kidogo, maana nilijua nafasi yangu. Walipoitwa wakwe waweke udongo, mzee mmoja wa ukoo aliponiona nimesogea akauliza kwa sauti, huyu naye ni nani, si alishaachika? Watu wakageuka. Nikataka kurudi nyuma.

Aloyce akasema, "Huyu ni mkwe wa mama. Mama mwenyewe alisema." Na mke wake, yule ambaye zamani nisingeweza kulitaja jina lake bila kutema mate, akanisogezea nafasi kati yake na shemeji yake. Tukaweka udongo pamoja. Nililia kilio ambacho sikulia hata kwa talaka yangu, lakini ndani ya kilio kile mlikuwa na shukrani tu. Ni wanawake wangapi walioachika wanaweza kusimama pale bila kuangalia chini? Mimi niliweza, na sikuweza kwa ujanja wangu. Niliwezeshwa na mtu aliyenizuia kwa wakati.

Sasa nirudi kwako, mwanangu.

Nenda ukadai kilicho chako. Usione aibu. Mtu akikuambia hukuwa na kazi, mwonyeshe mikono yako, na utafute walioiona ikifanya kazi. Kupika, kulea, kulima, kuuguza, hayo yote ni matofali ya nyumba, hata kama jina lako haliko kwenye karatasi. Lakini unapohesabu matofali, hesabu na deni lililoyanunua. Mlilokopa pamoja mkalila pamoja, lilipeni pamoja. Alilokopa mwenzako akalila gizani, mwachie, na usikubali mtu akutishe nalo. Usimfiche ng'ombe kwa kaka yako. Usiuze kiwanja kwa haraka ili mwenzio asikikute. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake watoto wako watakuwepo wakitazama.

Na hao watoto, usiwaweke kwenye mizani. Wao si mali, wala si deni. Baba yao akibaki mtu kwao, wewe hupungukiwi na kitu.

Tena, angalia ni nani anayekupenda na ni nani anayekuchochea, maana siku za hasira wote wawili huja wakiwa wamevaa nguo moja. Gwandu alinipenda, na karibu anipoteze. Ukipata mtu mmoja wa kukutetea mahali pa haki yako, na mtu huyohuyo akakukemea mahali pa kosa lako, mshike. Mpikie. Mwombee akiwa hai, mshukuru akiwa amelala.

Nenda, mwanangu, na Mungu akutangulie mbele ya hakimu. Akupe ulimi usioteleza na moyo usioshika kinyongo. Shamba utakalopewa likuzalie, dogo au kubwa. Deni utakalobeba lisikuvunje mgongo. Mwenzako naye, popote atakapokwenda, apate pa kuweka kichwa. Na siku moja mkikutana, kwenye harusi ya mtoto wenu au kwenye msiba, muweze kusalimiana bila mmoja kutazama pembeni. Amina, mwanangu. Kunywa chai yako, isije ikapoa.